Nuru na Joto Katika Jumba la Michezo

Mtu apitaye Keko asubuhi hawezi kukosa kuwaona mafundi seremala. Vitanda, makabati na makochi yamepangwa kando ya barabara, na nyuma yake mafundi wanapiga randa. Siku moja nilisimama mbele ya kibanda kimoja nikamwamkia fundi, mtu mzima mwenye mvi, kisha nikamwuliza kwa nini meza yake ya kazi haiko ndani ya kibanda wala haiko nje juani, bali iko pale pale chini ya ukingo wa bati. Akanijibu, "Mwalimu, ndani siuoni mstari wa penseli. Nje jua linanipofusha, na mbao inapinda. Hapa naona vizuri, na mbao inatulia."

Nilicheka, kisha nikaona haya. Maana mimi nafundisha Fizikia katika shule yetu hii, na wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimewapa wazazi mchoro wa paa ambao fundi huyu asingeukubali hata kwa kibanda chake. Habari ya mchoro ule, kosa lake, na jinsi ya kulisahihisha, ndiyo somo langu la leo.

Mnakumbuka ya kuwa tumekusudia kuezeka uwanja wetu wa mpira wa kikapu, ili vijana wacheze wakati wa masika na wakati wa jua kali, na ili tupate mahali pa mikutano na pa kufanyia mitihani. Michango ya hiari imeanza kutolewa. Wengine wametoa fedha, wengine mifuko ya saruji, na mama mmoja auzaye maandazi karibu na lango letu alileta shilingi elfu mbili akasema zilizobaki ataleta mwisho wa mwezi. Fedha ya namna hiyo haichezewi.

Katika kikao cha kwanza watu waligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulitaka paa lenye mabati mengi ya plastiki yapitishayo mwanga, ili tusiwashe taa mchana na LUKU isitumalize. Upande wa pili ulitaka jumba lililofungwa kila upande, lenye taa na mashine za kupoza hewa, kama majumba tunayoyaona katika televisheni. Mimi nilikuwa upande wa kwanza, na mchoro uliopitishwa kwa muda ni wangu.

Baada ya kikao kile timu yetu ya wasichana ilialikwa kucheza katika jumba moja ambalo sitalitaja jina. Paa lake lilifanana na paa la mchoro wangu. Ilikuwa saa nane mchana, na sakafuni palikuwa na madoa ya jua, meupe kama mashuka yaliyoanikwa, na katikati yake vivuli. Mchezaji wetu mmoja wa Kidato cha Tatu alitazama juu kuupokea mpira, jicho lake likakutana na jua katika plastiki, asiuone tena. Mpira ukampiga usoni, akavunjika jino. Na jambo la ajabu, taa zote za jumba lile zilikuwa zinawaka! Nilipompeleka zahanati akaniuliza, huku ameshika leso mdomoni, "Mwalimu, na paa letu litakuwa hivi hivi?" Sikuwa na jibu siku ile. Sasa ninalo, nami nalitoa mbele ya kikao cha pili kitakachofanyika muhula ujao.

MACHO YAHITAJI NURU KIASI GANI?

Nuru iangukayo mahali hupimwa kwa kipimo kiitwacho luksi. Jua la adhuhuri lisilo na wingu huleta juu ya ardhi kiasi cha luksi 100,000. Siku ya mawingu, anga peke yake laweza kuleta luksi 10,000. Je, mpira wa kikapu wahitaji ngapi? Viwango vya Ulaya, ambavyo wasanifu majengo wengi huvitumia, vyataka luksi 200 kwa mazoezi na michezo ya shule, 500 kwa mashindano ya kati, na 750 kwa mashindano makubwa.

Tazameni hesabu hiyo vizuri. Hata siku ya mawingu, tukiweza kuingiza ndani sehemu 2 tu katika kila 100 za nuru iliyoko nje, tunazo luksi 200 za kutosha mazoezi yetu. Basi katika nchi yetu nuru si haba. Shida yetu si kuitafuta bali ni kuichagua na kuigawanya sawasawa.

Nasema kuigawanya, maana jicho la mwanadamu halifanyi kazi kama mizani. Jicho hulinganisha. Likiona doa la jua lenye luksi elfu hamsini, mboni hujifinya, na kona yenye luksi 200 huonekana kama giza, ingawa pangekuwa hapana doa lile kona hiyo ingetosha kabisa. Ndiyo sababu taa zilikuwa zinawaka katika jumba lile saa nane mchana. Mwenye jumba alikuwa na jua jingi kupita kiasi, nalo jua hilo ndilo lililomfanya anunue umeme. Kwa hiyo nuru nyingi isiyo na mpango yaweza kuwa adui wa kuona, na adui wa mfuko pia.

NURU YA JUA HUJA NA JOTO

Sasa twende kwenye hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kuchora.

Uwanja wa mpira wa kikapu una urefu wa meta 28 na upana wa meta 15. Ukiacha meta 2 kila upande, jumba lina urefu wa meta 32 na upana wa meta 19, yaani sakafu ya meta za mraba 608. Katika mchoro wangu wa kwanza, bati moja katika kila kumi lilikuwa la plastiki angavu. Hizo ni meta za mraba 60 hivi.

Jua la adhuhuri huleta kiasi cha wati 1,000 za nguvu katika kila meta moja ya mraba. Tuseme plastiki yetu inapitisha sehemu 6 katika 10. Basi:

60 × 1,000 × 0.6 = wati 36,000.

Pasi ya umeme ya kawaida hutumia kama wati 1,000. Kwa hiyo mimi, mwalimu wenu wa Fizikia, nilikuwa nimependekeza kuning'iniza pasi 36 zinazowaka juu ya vichwa vya watoto wenu! Na wachezaji wenyewe, kila mmoja akimbiapo, mwili wake hutoa joto lake pia.

Tulinganishe na taa. Ili kupata luksi 300 katika sakafu nzima, taa 20 za LED zenye wati 150 kila moja zatosha. Jumla yake ni wati 3,000. Tukitaka kuondoa joto la wati 36,000 kwa mashine, mashine nzuri ya kupoza huondoa kama wati 3 za joto kwa kila wati 1 ya umeme. Basi ingehitaji wati 12,000 za umeme, yaani mara nne ya taa zote za jumba. Tungekuwa tumezima taa ili tuokoe shilingi moja, kisha tukatoa shilingi nne kwa joto tulilolikaribisha wenyewe. Na kama mashine hatuna, malipo yangekuwa jasho, kizunguzungu, na watoto kukataa kucheza mchana.

Msidhani kwamba ndugu zetu wa upande wa pili wameshinda. Jumba lililofungwa kila upande litahitaji taa mchana kutwa. Wati 3,000 kwa saa 8 ni yuniti 24 za LUKU kila siku. Kwa siku 200 za masomo ni yuniti 4,800, kabla hatujahesabu feni wala mashine ya kupoza. Kila mzazi aweza kuzidisha mwenyewe kwa bei ya yuniti aliyonunulia mara ya mwisho. Ni kweli kwamba taifa sasa lina Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Lakini umeme mwingi si umeme wa bure, na mita ya shule yetu haijui habari za bwawa.

Tena taa ni mtumishi awezaye kuondoka bila kuaga. Majirani wa Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 na kukaa watu 60,000, wanakumbuka tarehe 30 Aprili 2023. Yanga walikuwa wanacheza na Rivers United ya Nigeria, taa zikazimika, mchezo ukasimama kwa muda. Usiku hatuna budi kuzitegemea taa. Lakini kuzitegemea mchana, nchi imejaa nuru, ni sawa na kununua maji ukiwa umesimama kisimani.

JUA LA KEKO LAPITA WAPI?

Basi, tutapataje nuru bila joto? Jibu ni lile la fundi seremala: tuchukue nuru ya anga, tuzuie miale ya jua lenyewe. Ili kufanya hivyo lazima tujue njia ya jua hapa kwetu.

Keko iko kusini ya Ikweta kwa nyuzi 6 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Toka Machi hadi Oktoba adhuhuri yake iko upande wa kaskazini. Na mwezi wa Juni, linapofika mbali kabisa, bado limeinuka nyuzi 60. Miezi iliyobaki liko kusini. Na mwezi wa Desemba limeinuka nyuzi 73. Yaani pande za kaskazini na kusini, jua la mchana huwa juu daima. Jua lililo juu huzuiwa kwa urahisi na upenu.

Tuchukue tundu la dirisha lenye kimo cha meta 1.2 katika ukuta wa kaskazini. Adhuhuri ya Juni, upenu wahitaji kutokeza 1.2 ÷ tan 60°, yaani kama meta 0.7 tu, ili kulitia tundu lote kivuli. Kusini mwezi wa Desemba, hata meta 0.4 zatosha. Jua likiinama alasiri twahitaji zaidi: nimepiga hesabu nikaona kwamba upenu wa meta 1.4 utalinda tundu la kaskazini mpaka saa kumi alasiri kwa saa za jua, hata mwezi wa Juni.

Sasa ligeuzeni tundu hilo litazame magharibi. Saa kumi na moja jioni jua liko nyuzi 15 tu juu ya upeo. Upenu ungehitaji kutokeza 1.2 ÷ tan 15°, yaani meta 4.5! Hapana fundi atakayejenga hivyo. Ndiyo maana nasema: kuta za mashariki na magharibi zisiwe na madirisha ya juu, na kuta za kaskazini na kusini ziwe ndizo kuta ndefu. Jumba lilale toka mashariki hadi magharibi.

Hapa mwanafunzi mwerevu atauliza, "Mwalimu, mbona viwanja vya mpira wa miguu hupendekezwa vielekee kaskazini na kusini?" Swali zuri. Uwanja wa wazi hauna ukuta, kwa hiyo huelekezwa hivyo ili jua la jioni lisimpige mlinda mlango usoni. Chini ya paa mambo hugeuka. Ukuta wa magharibi usio na dirisha hulizuia jua la jioni, na goli likiwa mbele ya ukuta huo, mchezaji anayelenga kikapu haoni mng'ao wowote nyuma yake. Kwa hiyo nje na ndani kusudi ni moja, kulinda macho, lakini njia ni mbili.

Kuna faida nyingine ambayo wazee wetu wa pwani waliijua kabla ya somo la Fizikia kufika. Upepo wa kaskazi hutoka kaskazini mashariki, na upepo wa kusi hutoka upande wa kusini na kusini mashariki. Kuta zetu ndefu, zenye matundu, zitazipokea pepo zote mbili katika majira yake. Pale pale inapoingia nuru isiyo na joto, ndipo unapoingia upepo uondoao joto.

WENGINE WALIOJARIBU

Kosa langu si geni duniani. Mwaka 1965 katika mji wa Houston, Marekani, lilifunguliwa jumba kubwa la michezo liitwalo Astrodome. Ndani yake walipanda majani ya kweli, na ili majani yapate jua waliezeka kwa maelfu ya vipande vya plastiki angavu. Wachezaji wa besiboli walipotazama juu kuudaka mpira hawakuuona kwa mng'ao wa plastiki na vivuli vya vyuma. Ikawabidi kuipaka plastiki rangi mwaka ule ule. Jua likapungua, majani yakafa. Na mwaka 1966 wakatandika majani ya bandia. Wale walikuwa na wahandisi na fedha nyingi. Walijiuliza, "Nuru itaingiaje?" lakini hawakujiuliza vya kutosha, "Mchezaji atatazama wapi?"

Mfano mwema tunao karibu. Soko la Kariakoo lilijengwa katika miaka ya 1970 kwa mchoro wa msanifu wetu Beda Amuli. Alilifunika kwa paa la zege lenye umbo la miavuli mikubwa iliyoinuliwa juu, ili watu na bidhaa wakae kivulini, na hewa na nuru ziingie kutoka pembeni. Moto uliliunguza soko hilo Julai 2021, lakini fikira ile haikuungua. Mwavuli wa Amuli na upenu wa fundi wa Keko ni neno moja: funika juu, fungua pembeni.

Sisi pia tulijaribu kwa mikono yetu. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu walitengeneza masanduku mawili ya maboksi ya karatasi, ndani yakapakwa nyeupe. La kwanza likakatwa tundu juu na kufunikwa plastiki. La pili likakatwa matundu membamba pembeni, chini ya upenu. Tukaweka kipimajoto katika kila moja, tukayaacha juani nusu saa, na tukachungulia kwa tundu dogo. Sanduku la kwanza lilipata joto upesi, na ndani yake palikuwa na doa moja la kuumiza macho na kona za giza. La pili lilikuwa na ubaridi zaidi, na maandishi madogo yaliyobandikwa sakafuni yalisomeka kila upande. Mwanafunzi mmoja akasema, "Hili ni kama kibanda cha fundi." Nami sikuwa nimewaambia habari za fundi.

MCHORO WA PILI

Basi, mchoro ninaouleta mbele ya kikao ni huu:

1. Jumba lilale mashariki hadi magharibi. Magoli yawe mwisho wa mashariki na mwisho wa magharibi, na kuta hizo mbili zisiwe na madirisha ya juu.

2. Kuta ndefu za kaskazini na kusini ziwe na tundu refu mfululizo lenye kimo cha meta 1.2, lianzie meta 5.8 juu ya sakafu na kuishia meta 7, kimo ambacho sheria za mpira wa kikapu hukitaka kiwe wazi juu ya uwanja. Tundu lizibwe kwa wavu wa chuma, si kwa kioo. Nuru ya tundu la namna hii hufika ndani kama mara mbili ya kimo chake, yaani meta 14 toka kila upande. Na jumba letu lina upana wa meta 19, kwa hiyo nuru mbili zitakutana katikati.

3. Upenu utokeze meta 1.4. Utazuia jua, na mvua ya masika pia.

4. Chini, karibu na sakafu, kuta ndefu ziwe na matofali ya matundu. Hewa ya baridi itaingia chini, na hewa ya moto itatokea juu.

5. Sehemu ya juu ya kuta na upande wa chini wa paa vipakwe nyeupe, ili nuru irushwe na kuenea. Mabati yenyewe yawe ya rangi nyeupe au ya kung'aa, yarudishe jua lilikotoka. Lakini nyuma ya magoli rangi iwe iliyokolea kidogo, ili mpira uonekane.

6. Katikati ya paa yawekwe mabati machache ya plastiki yenye rangi ya maziwa, jumla meta za mraba 6 tu badala ya 60. Rangi hiyo huitawanya nuru isianguke kama doa. Joto lake halizidi wati 3,600, yaani pasi tatu na nusu badala ya 36.

7. Taa ziwe katika safu, na kila safu iwe na swichi yake. Jioni tutawasha safu ya katikati kwanza, maana ndiko nuru ya madirisha hupungua mapema.

Kwa hesabu yangu ya kukadiria, jumba hili litakuwa na luksi 200 hivi siku ya mawingu, na zaidi siku ya jua, bila swichi kuguswa mchana. Tukiwasha taa zote saa 2 tu kila jioni, ni yuniti 6 kwa siku badala ya 24. Kwa siku 200 tutaokoa yuniti 3,600 kila mwaka.

Sitaficha gharama yake. Upenu mrefu unataka mabati zaidi na mbao zaidi. Kwa pande mbili ni kama meta za mraba 90. Matundu yaliyo wazi yataleta vumbi, na mchezo wa vinyoya hautafaa siku za upepo mkali. Lakini upenu hulipiwa mara moja, na umeme hulipiwa kila mwezi. Plastiki nayo, ikikaa juani miaka kadhaa, hugeuka manjano na kupasuka, nasi tungepita tena na bakuli kwa wazazi wale wale.

Wazazi wetu, naomba msamaha kwa mchoro wa kwanza. Niliuchora nikifikiria taa peke yake, nikasahau joto na macho. Yule mchezaji wetu amepona na amerudi mazoezini. Nilimwonyesha mchoro wa pili, akaugeuza huku na huku, akaweka kidole penye goli la magharibi, akauliza, "Hapa nikirusha saa kumi na moja, jua litakuwa wapi?" Nikamwambia, "Nyuma ya ukuta." Akasema, "Basi mimi nimekubali." Natumaini na kikao kitauliza maswali makali kama lile, kisha kiamue.

KAZI YA KUFANYA KWA WANAFUNZI

1. Pima kimo cha dirisha moja la darasa lako na urefu wa upenu wake. Je, adhuhuri ya Juni jua litaingia, kama dirisha latazama kaskazini? Je, adhuhuri ya Desemba, kama latazama kusini?

2. Hesabu taa zinazowaka darasani mwako saa nne asubuhi. Andika wati zake, kisha utafute ni yuniti ngapi kwa muhula mmoja. Je, zote zahitajika?

3. Simama nyumbani kwenu saa kumi na moja jioni, utazame chumba kipi kina joto kuliko vyote. Ukuta wake unatazama wapi? Mweleze mzazi wako sababu.

4. Mwulize fundi yeyote wa mtaani kwenu, seremala, cherehani au wa baiskeli, kwa nini amechagua kukaa pale alipokaa. Andika jibu lake kama alivyolisema. Majibu yaliyo bora yatasomwa darasani, nami nitayasikiliza kwa makini, maana nimekwisha kuona ya kuwa mafundi wa Keko ni walimu pia.